Nani Anajua Kama Muko Hapa?



Munajua habari ya wenzetu watatu wa interna. Siku ya posho moja ya mwezi uliopita, nyuma ya kazi ya mikono, walipanda kamyo yenye ilikuwa inaenda Kyavinyonge kutafuta samaki. Hawakuwa na karatasi ya ruhusa. Walilala kule, kando ya ziwa Edward, na siku ya Mungu magaribi wakarudi na vumbi mu nywele na samaki watatu ndani ya mufuko. Samaki waliingia mu jiko la interna, na wao wenyewe wakapewa azabu ya siku kumi na tano inje ya shule. Majina yao yaliandikwa na kapita wa wanafunzi. Ni yeye mwenye kushika biki hii.

Tangu siku ile maneno ni mengi. Wamoja wanasema azabu ilikuwa ndogo. Wengine wanasema kapita ni munafiki, maana wamesikia kwamba yeye naye, wakati wa vakansi kubwa, alilala inje usiku muzima mu inchi ya wengine bila kuaga mutu. Hawa wa pili wamesikia vizuri. Ni kweli. Tulikuwa wane, na wote wane tungali mu shule hii, mu mwaka wa mwisho. Tumekaa pamoja, tumesoma maneno haya mbele ya kuyapeleka kwenye mashini, na tumepatana kuyaandika kwa jina la sisi wote. Ni afazali muyasikie kwetu kuliko kuyaokota ku robine wakati wa kuchota maji.

Hatuandiki ili tujitetee. Tunaandika kwa sababu tumefikiri sana juu ya usiku ule, na tunaona kwamba mu shule yetu, mutu akilala inje, tunamuuliza ulizo moja na tunasahau lingine lenye ni kubwa zaidi.

Kwanza habari yenyewe.

Wengi wenu munajua desturi ya huku kwetu Butembo. Mutoto akimaliza mwaka vizuri, na wazazi wakiwa na uwezo kidogo, wanamutuma Kampala wakati wa vakansi ili ajifunze Kingereza. Wafanya biashara wetu wanaangalia sana upande ule, na mutu mwenye anajua Kifaransa na Kingereza anapata kazi mbio kuliko mwenye anajua kimoja. Sisi wane tulivuka mupaka wa Kasindi mu mwezi wa saba. Kule tulikaa kwa mama mumoja wa kwetu, mujane, mwenye anapangisha vyumba viwili kwa wanafunzi wa Kongo. Muchana tulikuwa ku masomo, magaribi tulikuwa tunarudi, tunakula, tunarudilia maneno mapya, tunalala. Juma tatu zilipita hivyo. Kingereza chetu kilikuwa kizuri ndani ya kaye, lakini inje, mbele ya mutu, kilikuwa kinakimbia.

Siku moja ya tano mwalimu alitundika karte ya Uganda ku ukuta. Akatuonyesha kwa kidole fasi yenye muto Nile unatoka mu ziwa Victoria, ku muji wa Jinja. Akasema, kutoka Kampala ni karibu kilomita 80 tu. Masomo yalipoisha tulisimama ku mulango. Mumoja wetu akasema: "Twende tuone." Mwengine akauliza: "Lini?" Yule akajibu: "Sasa."

Tulicheka. Kisha tukaona kwamba hakuna mwenye anacheka tena. Tulihesabu feza: zilitosha kwenda na kurudi, na kidogo za kula. Nguo za kubadili hatukuwa nazo. Karatasi zetu za safari zilikuwa mu sanduku ku nyumba. Telefone tulikuwa na mbili: moja ilibaki juu ya kitanda, nyingine ilikuwa karibu kuzimika. Dakika makumi mbili nyuma ya neno lile "sasa", tulikuwa ndani ya takisi, ile gari ndogo ya watu kumi na wane, na muji ulikuwa unapita ku dirisha.

Tunapenda kusema ukweli wote, hata upande wenye hautapendeza walimu wetu: safari ile ilikuwa tamu. Gari ilienda polepole kati ya magari mengine mupaka Mukono. Pale Namawojjolo ilisimama, na wauzaji walikimbia kwenye madirisha na kuku za kuchoma juu ya vijiti, na ndizi za kuchoma zenye wao wanaita gonja. Gonja tulinunua, kuku tuliangalia tu. Kisha tukaingia mu musitu wa Mabira. Giza pande mbili, baridi ikaingia, watu wakanyamaza. Ku mwisho tukaona nyaya za daraja kubwa lenye lilifunguliwa mu 2018, zimewaka taa, na chini yake maji meusi. Mutu mumoja akatuambia kwamba yale maji njo Nile. Kumbe tulikuwa tumekwisha kuivuka.

Tulishuka Jinja karibu saa ine ya usiku. Pale utamu ulianza kupungua. Ku nyumba ya wageni ya kwanza walitaka karatasi zetu, hatukuwa nazo. Ku nyumba ya pili hawakutaka karatasi, lakini bei yao ilikuwa inakula feza yote ya kurudi. Tulitembea. Maduka yalikuwa yamefungwa, imbwa walikuwa wanatulalamikia nyuma ya viango. Telefone ilizimika.

Mbele ya magazini moja kulikuwa mzee zamu, mwenye koti nzito, na mbabula yenye makaa kando yake. Alitusimamisha. Alisema Kiganda, kisha Kingereza, na alipotusikia tunasemezana sisi kwa sisi akageuka mu Kiswahili, chenye alijifunza mu jeshi.

"Watoto, munatoka wapi?"

"Kongo, mzee."

"Munakaa wapi?"

"Kampala, mzee. Tuko ku masomo."

"Mwenye nyumba yenu anajua muko Jinja?"

"Hapana, mzee."

"Mwalimu?"

"Hapana."

"Wazazi?"

"Hapana, mzee."

"Sasa nani anajua kama muko hapa?"

Hatukumujibu. Tulitazamana. Yeye akangoja kidogo, kisha akasema: "Kama gari ingewagonga pale ku barabara, mimi ningepeleka miili yenu kwa nani?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mutu mwenye anauliza bei ya chumvi. Tulimuomba telefone yake ili tupeleke neno Kampala. Alitupatia. Njo pale tuliona haya ya pili: hakuna hata mumoja wetu mwenye alijua namba ya mama yule kwa kichwa. Ilikuwa ndani ya telefone yenye ilizimika. Sisi wenye kupata pointi nzuri ku hesabu, hatukuweza kushika namba kumi za mutu mwenye alikuwa anatupikia kila siku.

Mzee alitandika makaratasi ya karto juu ya baraza, akatusogezea mbabula, na akabaki macho mupaka asubui. Sisi, kwa kweli, tulianza kusahau. Tuliota moto, tukahadisia hadisi za mwalimu fulani wa mwaka wa kwanza, tukacheka. Tunaomba mukumbuke kicheko kile. Tutakirudilia.

Asubui mzee alituonyesha njia ya ku muto. Feza ya kupanda mutumbwi haikuwa. Tulikaa ku kando tu. Vitabu vinasema kwamba Muingereza John Speke alifika pale mu mwezi wa saba wa 1862, akavumbua mwanzo wa Nile. Muvuvi mumoja mwenye tulizungumuza naye alicheka sana juu ya neno hili. Alisema babu zake walikuwa wanavua pale zamani, na muto ulikuwa na jina lake, Kiyira. Zamani kulikuwa na maporomoko ya maji. Yalizama nyuma ya kizuizi cha umeme cha Owen Falls, chenye kilimalizika mu 1954. Wanasema maji yenye yanatoka pale yanatembea karibu miezi mitatu mbele ya kufika ku bahari, kule Misri. Na muvuvi yule tulisema naye Kingereza, karibu saa nzima, bila kukumbuka kuogopa. Maneno ya asubui ile tungali nayo mupaka leo.

Kisha mumoja wetu, mwenye kwao ni Beni, alichora mu muchanga. Semliki inatoka mu ziwa Edward pale Ishango, inapita mashariki ya Beni, inaingia mu ziwa Albert. Nile ya Jinja inapita mu ziwa Kyoga, inaanguka ku Murchison, na yenyewe inaingia mu ziwa Albert. Basi maji ya kwetu na maji ya pale yanakutana, yanaenda Misri pamoja. Jambo hili liko mu kitabu cha jiografia. Tulilisoma mu kalasi, tukapata pointi, na hatukuliona. Pale tuliliona.

Kwa hiyo hatuwezi kuwadanganya. Mutu akituuliza kama safari ya ghafula ni kitu kibaya, tutasema hapana. Kijana mwenye hajatoka hata siku moja bila programu ya mukubwa, hajui bado kama miguu yake ni yake.

Lakini bado hatujamaliza.

Karibu na saa tano ya asubui tulipata duka lenye walikubali kutia moto mu telefone yetu. Ilipowaka, ilitetemeka mu mukono bila kusimama. Walikuwa wametuita mara makumi tatu na moja.

Mambo ya usiku ule tuliyajua kidogo kidogo nyuma yake. Mama wa Kampala alituwekea chakula mupaka saa tatu. Kisha akavaa kitenge chake akaenda ku masomo. Alikuta mulango umefungwa. Akaenda kwa polisi wa mutaa. Ku saa tano, kwa sababu hakujua tena la kufanya, aliita Beni, kwa mama wa yule mwenzetu, ili amuulize kama tumemwambia kitu.

Hapa tunaomba musome polepole.

Huku kwetu mutu asiporudi magaribi, hatusemi kwamba amechelewa. Tangu 2014 watu wa Beni wamezika watu wengi, na wengine hawakuwazika, kwa sababu hawakuwapata. Mama huyu alikuwa na mutoto mukubwa, kaka wa mwenzetu. Alienda ku shamba siku moja, hakurudi. Sasa usiku anaambiwa ku telefone kwamba huyu wa pili naye haonekani, tena mu inchi ya wengine. Hakulia. Alivaa viatu. Alitaka kuenda Kasindi kwa miguu usiku ule ule, kwa barabara yenye hata magari yanaogopa. Majirani walimushika ku mukono. Walileta viti inje, wakawasha moto, wakakaa naye mupaka asubui, kama vile watu wanakaa ku kilio.

Kuko moto mbili usiku ule, wandugu. Moja Beni, moja Jinja. Ku ule wa Jinja, sisi tulikuwa tunacheka.

Mwenzetu alipomuita mama yake, hakukaripiwa. Mama aliuliza neno moja: "Umekula?" Kisha telefone ikakatika. Mwenzetu alikaa chini kando ya barabara, na sisi hatukujua tumwambie nini. Kule Kampala, mama mwenye nyumba alitupikia, akaweka sahani ku meza, na siku mbili hakusema nasi. Tungependa atupige.

Basi kosa letu lilikuwa gani? Tumeulizana sana. Kutoka ku nyumba? Kuona muto? Kulala ku baraza ya mutu? Hapana. Mambo yale yote tungeweza kuyafanya, na mama wa Beni angelala usingizi wake. Kosa letu ni kwamba hatukuacha neno. Nyumba yenye tulikuwa tunakaa ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano. Kwa nini hatukupita? Hatutaficha: tuliogopa kunyimwa. Tulijua mama angesema, "Ngojeni kesho asubui." Basi ili tusinyimwe, tukachagua kutosema.

Na hapa tunaomba muangalie vizuri tofauti. Kuomba ruhusa ni kitu kimoja, kuaga ni kitu kingine. Baba mwenye nyumba, mwenye hakuna mutu wa kumukataza, akienda Kasindi kununua vitu, anaaga. Anasema: naenda kwa fulani, nitalala fasi fulani, nitarudi siku fulani. Anaomba ruhusa? Hapana. Anaacha fasi yake mu mikono ya wengine, ili siku ikipita, wajue kwa kuanzia. Bibi zetu wanaaga hata wakienda ku chemchemi. Kuaga si jambo la watoto. Ni sisi wenye tunaona haya kuaga njo tungali watoto.

Sasa turudi ku shule yetu.

Usiku ule wa siku ya posho, kapita alihesabu vitanda, akakuta vitatu vitupu. Tuliamusha wengine. Tuliuliza: wameenda wapi? Hakuna mwenye alijua, ao mwenye alijua hakusema. Hatukujua kama tuwatafute ku soko, ku lopitali, ao ku polisi. Mwalimu mulinzi wa interna alichukua tochi akashuka mupaka ku kivuko cha muto akiita majina. Aliita mupaka sauti ikamuisha. Tulikuwa nyuma yake, na pale, mu giza lile, njo tulimuelewa mama wa Kampala.

Siku ya Mungu waliporudi, ulizo la kwanza lilikuwa hili: "Nani aliwaruhusu?" Walijibu: hakuna. Hesabu ikafungwa. Hakuna mwenye aliwauliza ulizo la mzee zamu: "Nani alijua?"

Lakini tukumbuke sheria yetu ya interna. Inasema kwamba mutu mwenye anajua mwenzake anatoka, na ananyamaza, atapata azabu sawasawa na yule. Tunajua sababu ya sheria hii. Iliwekwa ili watu waseme. Matunda yake ni mengine. Mwenye anataka kutoka anajificha hata kwa rafiki yake wa kitanda cha chini, ili asimuponze. Rafiki muzuri amekuwa yule mwenye hajui kitu. Hivi wale watatu walipanda juu ya magunia ya kamyo, wakaenda njia yenye tunaijua sote, na mu shule nzima ya mamia ya watu, hakuna mutu mumoja mwenye angeweza kusema: "Muwatafute Kyavinyonge." Kama kamyo ingeanguka, nani angeenda kuwachukua?

Kwa hiyo tunatoa shauri letu, na tunawaomba walimu wasilitupe mbele ya kulipima.

Tunaomba kaye ya kuaga. Iwe ku chumba cha mulinzi wa mulango, usiku na muchana. Mwenye anatoka, hata kama hana karatasi ya ruhusa, aandike mambo mane: jina lake, fasi anaenda, watu wako pamoja naye, na saa ya kurudi. Akijua namba ya telefone ya mutu wa kule, aiandike. Mwenye hana ruhusa atapata azabu akirudi, hatukatai. Lakini mwenye ameandika kweli, azabu yake iwe ndogo. Mwenye ametoka bila kuandika, iwe kubwa. Na mwenye kuandika uongo, hiyo ishinde zote. Hivi shule itafundisha kwamba kutoka ni kosa moja, na kupotea mbele ya macho ya watu ni kosa lingine, lenye ni zito.

Tunajua maneno yenye yatakuja.

Walimu wamoja watasema: mukifungua kaye, kesho interna itabaki tupu. Tunajibu kwa heshima: wenye kutoka wanatoka leo. Ukuta wa nyuma ya bustani muliuongeza mara mbili, na fasi ya kupandia inangali inangaa kwa miguu ya watu. Kaye haitaongeza wenye kutoka. Itawapa majina na njia.

Wanafunzi wamoja watasema: nikiandika, mulinzi atanizuia. Inawezekana. Siku zingine utazuiwa, na utakasirika. Sisi tunawaambia hivi: Nile haikuhama. Kama tungengoja siku ya posho asubui, tungeikuta pale pale, na karatasi zetu mu mufuko, na telefone imejaa moto, na pengine mama angetufungia chakula. Tuliharakisha juu ya kitu chenye hakikuwa kinakimbia.

Mumoja wa mwaka wa tatu alituletea habari ya Yesu, mwenye alibaki Yerusalemu akiwa na miaka kumi na miwili bila kuwaambia wazazi, na wakamutafuta siku tatu. Alidhani ametushinda. Tulimuomba asome mupaka mwisho. Mama yake alimuuliza sababu na akamwambia uchungu wao; na kijana alishuka pamoja nao mupaka Nazareti akakaa chini yao kwa utii. Habari ile haikuficha uchungu wa wazazi, na mwenye anaitumia asiufiche.

Kuko na neno la wadada zetu pia. Sisi wane tuliporudi kutoka Jinja, watu walituita wazembe, basi. Kama wangekuwa wasichana wane, tunajua majina yenye wangeitwa mupaka leo, hata kama walilala macho kando ya mbabula ya mzee kama sisi. Hii si haki. Kaye iwe moja kwa wote, na ulizo liwe moja kwa wote.

Na wenye wanaona kama kuandika majina ni kazi ya polisi, tuwakumbushe Ebola, toka 2018 mupaka 2020. Tulikuwa wadogo, lakini tunakumbuka. Watu wa afya walikuwa wanazunguka wakiuliza: nani aligusana na nani, na yule ameenda wapi? Mwenye aliondoka bila kuaga alisumbua muji muzima, hata kama alikuwa muzima wa mwili. Pale tulijifunza kwamba njia ya mutu si yake peke yake.

Tunamalizia na mambo mawili.

La kwanza ni kwa wenzetu watatu. Azabu yao inaisha, wanarudi siku ya kwanza. Kapita aliandika majina yao kwa sababu ilikuwa kazi yake, na angeandika tena. Lakini aliyaandika akiwa amenyamaza juu ya jina lake mwenyewe, na kwa hili tunawaomba musamaha, mbele ya shule yote. Mulikuwa ku ziwa Edward, karibu na Ishango, pale Semliki inaanza. Sisi tulikuwa ku ziwa Victoria, pale Nile ya Jinja inaanza. Mulifanya lile lile lenye tulifanya. Tofauti ni kwamba ninyi muliwasumbua watu wa interna, na sisi tuliwasumbua mama wawili, na mumoja wao alikuwa na kilio tayari mu nyumba yake.

La pili: mbele ya kuandika tulikwenda wane kwa Bwana Prefe, tukamuelezea yote. Alitusikiliza mupaka mwisho. Alisema atafikiri. Akiona kwamba kapita wa namna hii hafai tena kushika kengele, tutairudisha bila maneno. Lakini tunaomba shauri la kaye lisirudi pamoja na kengele. Tumekwisha kuinunua, ya kurasa mia moja, kwa feza yetu. Iko ku chumba cha mulinzi tangu jana, na hakuna mutu ameifungua bado.

Tena kila mutu, leo hii, ashike kwa kichwa namba moja ya telefone ya mutu wa kwao. Hiyo haihitaji ruhusa ya mukubwa.

Wenye kuwa na mawazo mengine waandike. Fasi iko mu namba yenye itakuja.

Kapita wa wanafunzi, pamoja na wenzake watatu wa mwaka wa mwisho.